Heshima ya umri ni deni la nani? Mazungumzo na rafiki Mkorea

1. Swali lenyewe

Katika mikutano ya shirika letu la utamaduni kuna neno moja ambalo halikosekani: heshima. Wazee wanalalamika kwamba vijana wa leo hawana heshima tena. Vijana nao wanajibu, mara nyingi nje ya mlango na kwa sauti ya chini, kwamba wazee wanadai heshima sawa vile mtoza kodi anavyodai kodi, bila kueleza pesa inaenda wapi. Mabishano haya yamekuwa marefu kati yetu, na kila upande unarudi nyumbani na maneno yaleyale uliyokuja nayo.

Tukilivua swali maneno ya hasira, linabaki hivi: je, mtu anastahili heshima juu ya miaka yake peke yake? Na kama tunamupa heshima hiyo, yeye naye anadaiwa nini?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukaona ni vema kumuuliza mtu wa mbali, lakini asiwe wa mbali sana kwa jambo hili. Mzungu tukimuuliza, atatuambia kwamba kwao baba na mtoto wanaitana majina, na mazungumzo yataisha pale. Tulihitaji mtu wa taifa ambalo limebeba heshima ya umri kwa karne nyingi, tena limeingia katika dunia ya viwanda na simu bila kuitupa yote. Ndiyo sababu tulimuendea rafiki yetu Mkorea.

Wakorea hapa Kongo tunawajua kwa vitu vyao: simu, televisheni, motokari. Tena Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, yaliyofunguliwa mwaka 2019, yalijengwa kwa msaada wa serikali ya Korea ya Kusini, dola milioni 21. Ni jambo la kufikirisha: taifa moja limesaidia lingine kupata nyumba ya kutunzia masanamu na ngoma za mababu. Lakini heshima haiwekwi katika kabati ya kioo. Mtu akitaka kuijua ya wengine, inamupasa akae chini na mwenyewe, amuulize.

2. Rafiki yetu na masharti yake

Rafiki yetu ni mwanamke aliyepita miaka arobaini, ameishi katika mji wetu wa Lubumbashi miaka mingi, na Kiswahili chake alikiokota sokoni zaidi kuliko katika vitabu. Alikubali kuongea na sisi kwa masharti matatu. La kwanza, jina lake lisiandikwe. La pili, tusimufanye kuwa mdomo wa watu zaidi ya milioni hamsini. “Sitasemea Wakorea wote,” alituambia, “nitasema paka yale yenye nilionaga kwetu.” La tatu lilikuwa zito kidogo: kila swali tutakalomuuliza, naye ataturudishia.

Tunaona masharti haya yanafaa kila mtu anayetembea na kalamu na daftari akiuliza watu mila zao. Mwenye kuuliza bila kukubali kuulizwa anafanana na mgeni anayekula kwa jirani kila siku, lakini mlango wa kwake umefungwa.

Kabla ya swali letu la kwanza, yeye alitangulia na lake: “Muko na myaka ngapi?” Mama mmoja kati yetu akacheka na kukunja uso pamoja, kwani kwetu si adabu kumuuliza mama mzima miaka yake. Rafiki akaeleza kwamba kwao ni kinyume: usipojua umri wa mtu, hujui hata namna ya kumuongelea.

3. Lugha inayotaka kujua umri

Kikorea kina ngazi za kusema. Kuna namna ya heshima inayoitwa jondaemal, na kuna namna ya karibu inayoitwa banmal, ya kuongea na mtoto, mdogo, ao rafiki wa umri mmoja. Tofauti haiko katika salamu tu. Iko katika mwisho wa kila kitendo, hata mtu hawezi kusema “mvua inanyesha” bila kuonyesha anamwambia nani. Maneno mengine yanabadilika kabisa: chakula cha kawaida ni bap, lakini chakula cha mzee ni jinji; umri wa mtoto ni nai, lakini umri wa mzee ni yeonse. Neno chingu, yaani rafiki, kwa kawaida ni la watu wa umri mmoja. Aliyekuzidi miaka miwili si chingu. Ni kaka ao dada, na ataitwa hivyo. Tena kuna maneno mbalimbali kufuatana na mwenye kuita: mwanaume anamwita kaka yake mkubwa hyeong, mwanamke anamwita oppa.

Hapa wengi wetu tulitikisa kichwa kwa kukubali. Kwetu pia jina la mkubwa haliitwi ovyo. Tunasema yaya, baba mkubwa, kambo. Mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na rafiki alithibitisha kwamba kwao vilevile mama wa fulani anaitwa mama wa fulani mpaka majirani wanasahau jina lake mwenyewe. Tena Wakorea wanasema uri, yaani “yetu”, mahali mataifa mengine yanasema “yangu”: mama yetu, nyumba yetu, inchi yetu, hata kama msemaji hana ndugu. Mtoto wa pekee kwetu naye anasema “kwetu”, wala hakuna anayemuuliza wako wangapi.

Lakini tuliuliza: umri wenyewe unahesabiwa namna gani? Jibu lilitushangaza. Kwa desturi ya kale, mtoto wa Korea alizaliwa akiwa na mwaka mmoja tayari, na watu wote waliongeza mwaka siku moja, siku ya mwaka mpya. Mtoto aliyezaliwa tarehe 31 Desemba alikuwa na miaka miwili kesho yake, na bado hajajua kufungua macho vizuri. Desemba 2022 bunge lilipitisha sheria ya kuhesabu umri kama mataifa mengine, na tarehe 28 Juni 2023 ikaanza kufuatwa. Siku hiyo watu wa Korea ya Kusini walipungukiwa na mwaka mmoja ao miwili, ukilinganisha na hesabu ya kale.

Kijana mmoja wetu akarukia pale: basi kama serikali inaweza kupunguza miaka ya watu wote kwa siku moja, heshima iliyojengwa juu ya miaka hiyo si mchezo wa hesabu? Rafiki alifikiri kwanza, kiisha akasema kwamba asubuhi ile hakuna kaka aliyegeuka kuwa mdogo. Hesabu ilibadilika, mpango wa watu ulibaki. Kumbe heshima haikuwa imekaa juu ya namba. Ilikaa juu ya kitu kingine, na kitu hicho ndicho tulianza kukitafuta.

4. Kuinama na kufungua mfuko

Maswali yetu ya kwanza yalikuwa ya ishara, kwa sababu ishara ndizo zinazoonekana. Tulijifunza kwamba kitu cha mzee kinatolewa na kupokelewa kwa mikono miwili. Mezani hakuna anayeshika kijiko mbele ya mkubwa. Kijana akinywa pombe mbele ya mzee, anageuza uso pembeni. Mwaka mpya wa kale, Seollal, watoto wanainama mpaka chini mbele ya wazazi na kambo zao. Ni salamu inayoitwa sebae. Yote haya tuliyaandika kwa furaha, kwani yanafanana na magoti na makofi ya salamu ya wazee wetu.

Lakini mama mmoja kati yetu, mwenye maneno machache, aliuliza swali la namna nyingine: “Na yule mwenye kuinamiwa, anatoa nini?”

Swali hili lilifungua mlango. Rafiki alisema kwamba mtoto akiinama siku ya Seollal, kambo hawezi kumuacha hivi hivi. Anamupa pesa, na pamoja na pesa anamupa maneno mema ya mwaka unaokuja. Kambo asiye na kitu anaona haya siku hiyo. Vilevile watu wa umri mbalimbali wakienda kula pamoja, desturi ni mkubwa alipe. Mdogo akitaka kulipa, mkubwa anaweza kuona amedharauliwa. Katika jamaa, mtoto mwanaume wa kwanza ndiye aliyebeba wazazi katika uzee wao, na baada ya kifo chao aliwafanyia jesa, yaani karamu ya ukumbusho kila mwaka siku ya kufa kwao. Ukaka ulikuwa mzigo wenye cheo, wala si cheo kitupu.

Waswahili wa pwani wana methali fupi: ukubwa ni jalala. Mkubwa ni mahali pa kutupia taka. Shida za wote zinamwangukia yeye. Wakorea nao wana yao: maji ya juu yakiwa safi, na ya chini yatakuwa safi. Na nyingine tena: neno linaloenda likiwa zuri, linalorudi litakuwa zuri. Methali hizi tatu, za watu wasiojuana, zinasema jambo moja. Heshima ya umri ina pande mbili. Kuinama kwa mdogo ni nusu ya kwanza ya mapatano, na nusu ya pili iko mikononi mwa aliyeinamiwa.

5. Nani anapika?

Mapatano yakiwa na pande mbili, inapasa kuuliza kama kuna mtu wa tatu anayelipa bila kuhesabiwa. Tulimuuliza rafiki: siku ya jesa, nani anapika? Alicheka kicheko kisicho cha furaha. Wanaopika ni wake za watoto, yaani wanawake wa ukoo mwingine. Wanakaanga na kuosha vyombo siku nzima juu ya mababu wasiokuwa wao, na katika nyumba nyingi ni wanaume ndio wanaoinama mbele ya meza. Uchungu wa siku hizi za sikukuu kwa wanawake una hata jina lake katika Kikorea, kama vile ugonjwa.

Hapa alitueleza mambo mawili yenye kustahili kutunzwa. Kwanza, mwezi wa Septemba 2022, watu wa Sungkyunkwan, ambayo ni makao makuu ya mafundisho ya Konfusio huko Seoul, walitangaza kwamba meza ya sikukuu ya Chuseok yatosha kuwa na vyakula sita, na hata kwa kuzidisha visipite tisa. Walisema pia kwamba vyakula vya kukaanga kwa mafuta si lazima. Yaani walinzi wenyewe wa mila walikuja kusema kwamba mzigo ule mkubwa haukutoka katika mila. Uliongezwa na watu, kiisha ukaitwa mila.

Pili, mpaka mwisho wa mwaka 2007 kila jamaa ya Korea ya Kusini iliandikwa chini ya kichwa kimoja, kinachoitwa hoju, na njia ya kawaida ya urithi wake ilikuwa ya wanaume. Baba akifa, mtoto mwanaume alikuwa kichwa cha jamaa, hata juu ya mama yake na kambo yake mwanamke. Tarehe 3 Februari 2005 Mahakama ya Katiba ilisema mpango ule haupatani na katiba, na tarehe 1 Januari 2008 ukafutwa. Angalieni vizuri jambo hili: katika inchi ambayo kila neno linauliza umri, mtoto mdogo aliweza kuandikwa juu ya kambo yake. Basi wale waliosema “ni mila, mkubwa mbele” hawakuwa wanasema yote. Mara nyingine umri ulikuwa kitambaa cha kufunikia nguvu ya mwanaume. Tusiharakishe kuwacheka. Mjane wa kwetu mwenye nywele nyeupe anaamriwa kwenye kilio na shemeji ambaye yeye mwenyewe alimufunga nepi. Pale umri unakwenda wapi?

6. Waliotii

Siku ya pili ya mazungumzo, kijana mmoja alileta swali alilolisikia mahali pengine: je, si kutii wazee ndiko kulikowaua wale wanafunzi wa meli? Rafiki alinyamaza kwa muda mrefu.

Tarehe 16 Aprili 2014 meli inayoitwa Sewol ilizama karibu na pwani ya kusini ya Korea, ikielekea kisiwa cha Jeju. Ilikuwa na watu 476. Walikufa 304, na kati yao 250 walikuwa wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya mji wa Ansan waliokuwa katika matembezi ya shule. Meli ilipoinama, tangazo liliwaambia wabaki mahali walipo, na lilirudiwa mara nyingi. Wengi wakabaki. Kapiteni aliokolewa kati ya watu wa kwanza. Mwaka 2015 mahakama kuu ya inchi ilithibitisha hukumu yake: kifungo cha maisha.

Baada ya msiba ule, watu wengi, ndani na nje ya Korea, walisema kwamba watoto walikufa juu ya utamaduni wa kutii. Rafiki yetu alikataa maneno haya kwa nguvu. Tunaandika hapa maana ya jibu lake, kwa sababu linagusa kiini cha swali letu. Alisema: mtoto yeyote wa dunia, akiwa ndani ya meli asiyoijua, akaambiwa na wenye meli “bakieni hapo”, atabaki. Kusema ni utii uliowaua ni kumuhukumu maiti na kumuacha mwenye deni aende. Watoto walitoa nusu yao ya mapatano: waliamini. Watu wazima hawakutoa yao.

Sisi tunaona jibu hili lina nguvu, lakini tunaongeza kidogo. Ni kweli kosa si la mtoto anayeamini. Lakini jamaa inayofundisha watoto kuamini sauti ya mkubwa inajibebesha wajibu mkubwa zaidi kuliko jamaa isiyofundisha hivyo. Kila goti linalopigwa mbele ya mzee linaongeza deni la mzee. Anayetaka magoti mengi ajue anakopa mengi.

Na mdogo je, anyamaze tu? Hapa rafiki alitukumbusha kwamba mafundisho ya Konfusio yenyewe, ambayo watu wanayadhani kuwa ya kunyamazisha vijana, yanamutaka mtoto amuonye mzazi wake kwa upole anapokosea. Katika ufalme wa Joseon, uliodumu tangu 1392 mpaka 1910, kulikuwa na ofisi nzima, Saganwon, ambayo kazi yake ilikuwa kumwambia mfalme makosa yake. Walioifanya waliweza kuipata taabu, lakini kazi yenyewe ilihesabiwa kuwa uaminifu. Basi kumwambia mkubwa ukweli si uasi. Kama vile zawadi ya mzee inavyotolewa kwa mikono miwili, ukweli wake nao unaweza kutolewa kwa mikono miwili.

7. Wazee wa makartoni

Mtu anaweza kutupinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Kama heshima ni mapatano, mkubwa alipe ndipo aheshimiwe, basi mzee asiye na kitu atapata nini? Mgonjwa, aliyesahau hata majina ya watoto wake, anabeba mzigo gani? Je, tumegeuza heshima kuwa biashara?

Korea inajibu swali hili kwa picha ya kuumiza. Katika barabara za Seoul, alituambia rafiki, utaona wazee wenye mgongo uliopindika wakisukuma mikokoteni ya makartoni wanayookota ili wayauze kwa kilo. Kwa hesabu za shirika la OECD, mwaka 2020 watu kama 40 katika kila 100 waliopita miaka 65 huko Korea ya Kusini walikuwa na mapato yasiyofika nusu ya mapato ya mtu wa kati wa inchi yao. Kwa wastani wa inchi za shirika hilo ni kama 14. Inchi ya jinji na yeonse ilikuwa ya kwanza kati yao kwa umaskini wa wazee.

Sababu zinajulikana. Wazee hawa ni watoto wa vita ya 1950 mpaka 1953. Walijenga viwanda, na walichopata wakakitia katika masomo ya watoto, wakitumaini kwamba watoto watawabeba kama desturi ilivyosema. Mpango wa pansheni ya taifa ulianza mwaka 1988 tu, umechelewa kwa wengi wao. Watoto nao wakahamia mijini, katika nyumba ndogo na madeni makubwa. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwapa wazee wengi pansheni ya msingi, lakini haiwatoshi. Maneno ya heshima yalibaki mdomoni yote. Chakula ndicho kilichopunguka.

Hapa tunapata jibu la pingamizi. Mzee asiye na kitu haombi mkopo mpya. Yeye alikwisha kulipa. Yule wa makartoni alitoa nusu yake ya mapatano miaka thelathini iliyopita, na sasa wenye deni ni waliolelewa naye. Mtu akimwita mzee huyu kwa neno zuri, kiisha akamuacha asukume mkokoteni usiku, ametoa karatasi ya kulipia mahali pa malipo yenyewe.

8. Swali likaturudia

Sharti la tatu lilikuwa bado. Rafiki alifunga kikombe chake cha chai kwa mikono na kusema: “Sasa ninyi.” Aliuliza mambo mawili.

La kwanza: “Munasemaga wazee ni baraka. Sasa juu ya nini bibi mzee mwenye macho mekundu anaogopwa katika kijiji, anaitwa mchawi?” La pili: “Baba akikufa, baba mdogo anaheshimiwa sana kwenye kilio. Kiisha kilio, nyumba inabakia ya nani?”

Hakuna kati yetu aliyeuliza amesikia wapi. Wote tunajua. Kuna bibi zetu waliofukuzwa, na wengine waliouawa, juu ya neno uchawi. Neno hilohilo linawaangukia watoto pia, mpaka sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaweka adhabu kwa mwenye kumushitaki mtoto uchawi. Mwanzo wa uzima na mwisho wake, wale wawili wasioweza kujitetea, ndio tunaowatupia lawama ya vifo na umaskini wetu. Na bibi anayeshitakiwa kwa kawaida si mke wa chifu wala mama wa tajiri. Ni mjane asiye na mtoto wa karibu. Basi tunachokiita heshima ya umri mara nyingine ni heshima ya mfuko.

Juu ya nyumba, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Lakini wangapi wanaithubutisha mbele ya baba mdogo aliyeketi kwenye kiti cha mbele, amezungukwa na wajomba, akisema “mila inataka hivi”? Mila ya wababu ilimupa mdogo wa marehemu nguvu juu ya mali kwa sababu ilimupa pia wajane na yatima kuwalisha. Anayechukua nusu ya mali na kuacha nusu ya midomo amevunja mila ile anayoitaja.

9. Jibu letu

Baada ya mazungumzo haya, vijana na wazee wa shirika letu hawakukubaliana yote, na si lazima. Lakini kuna mambo tunayoweza kuyasema pamoja.

Kwanza, adabu na utii ni vitu viwili. Adabu tunampa kila mkubwa, hata asiyetupenda, kwani adabu inatujenga sisi wenyewe. Utii ni kitu kingine, unafuata mzigo. Anayebeba jamaa ana haki ya kusikilizwa kabla ya wengine. Anayekula jamaa, tumsalimu vizuri na tumkatalie vizuri.

Pili, deni linaanza kwa mkubwa. Mdogo anatoa ishara kwanza kwa sababu hana kingine cha kutoa, lakini mkubwa ndiye aliyekuta dunia mbele yake na kuipanga. Maji ya juu yakichafuka, ni kazi bure kuyachapa ya chini.

Tatu, tunapokwenda kuuliza mila, za Korea ao za kijiji chetu, tusiishie kwenye ishara. Magoti na mikono miwili ni vizuri kuviandika, lakini tuulize pia kila desturi inagharimu nini, nani analipa, na nani hayumo katika hesabu. Desturi inayoweza kujibu maswali haya itaishi bila kulindwa na mtu. Ile inayokasirika kwa kuulizwa, tuiangalie mara mbili, pengine ni mzigo ulioongezwa jana na kuvikwa nguo ya wababu.

Nne, tunawaomba wasomaji jambo dogo. Kabla ya mkutano wetu ujao, kila kijana amtafute mzee mmoja wa ukoo wake amuulize alibeba nini, na sasa anakula nini. Na kila mzee amwite kijana mmoja amuulize: “Katika yale niliyowaamrisha, ni lipi nililowadai bila kuwalipa?” Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza. Rafiki yetu alituambia kwamba hata kwa Kikorea, pamoja na ngazi zake zote za kusema, hajawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mkubwa. Wazee wetu wanaweza kuwa wa kwanza.